Studio ikifunguliwa, nani anafaidika?

Ukikaa na wachoraji wa Dar es Salaam, mazungumzo hayakawii kufika hapa: mgeni aingie studio aone kazi ikifanyika, au asubiri iishe aikute imetundikwa? Wanaotaka milango ifunguliwe wana hoja nzito. Wanaosita nao hawana wivu wala maringo, ingawa mara nyingi ndivyo wanavyochukuliwa.

Jiji lenyewe lina mifano miwili inayotofautiana sana. Wa kwanza uko Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, kwa wachoraji wa mtindo wa tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na picha zake zikauzwa hapohapo Morogoro Stores. Alifariki 1972. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Pale hakuna siku maalumu ya kupokea wageni. Ukifika asubuhi yoyote unawakuta watu kazini: huyu anapaka rangi ya nyuma na kuiweka kando ikauke, yule anamtia chui madoa, moja moja, bila kuinua kichwa.

Wa pili ni Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008. Studio za pale ni makontena ya meli. Siku za kawaida msanii anafanya kazi zake. Likija tukio kama Chap Chap, milango inafunguliwa, muziki unapigwa, watu wanazunguka kontena hadi kontena na soda mkononi.

Faida ya kwanza iko wazi, nayo ni hela. Nyumba ya maonyesho huweza kukata theluthi, hata nusu ya bei ya picha. Anayeuzia studio kwake anabaki na yote. Tena anamjua mnunuzi wake kwa sura, anachukua namba ya simu, na mwakani anaweza kumtumia picha ya kazi mpya. Hilo la namba nalipa uzito kuliko mauzo ya siku yenyewe, kwa sababu wengi wanaokuja kwenye matukio haya hawanunui siku hiyo. Wanaangalia, wanauliza, wanapiga picha na simu, wanaondoka.

Faida ya pili ni kwa wenyeji. Kuna Watanzania wengi ambao hawajawahi kuingia jumba la maonyesho, wakidhani ni pa wazungu na mabalozi. Muziki na chakula vinawavuta. Wakishaingia, wanamkuta kijana wa Temeke kama wao, nguo zimejaa rangi, anawaambia "karibu dada, pita ndani". Woga unaishia hapo.

Sasa tugeukie upande wa pili. Watetezi wanasema mgeni akiona jasho la msanii ataiheshimu bei. Wakati mwingine ni kweli. Lakini swali ambalo mgeni haachi kuuliza ni "hii inachukua muda gani?" Fundi wa tingatinga akijibu kwa uaminifu kwamba ndogo kama ile inaweza kuisha ndani ya siku moja, ameshajiumiza. Mgeni anapiga hesabu ya kibarua wa siku, na hapo anaanza, "basi kaka, nipunguzie." Miaka ambayo mkono ule umejifunza kuchora chui kwa siku moja haiingii kwenye hesabu. Picha ileile ukutani, chini ya taa, haiulizwi ilichukua saa ngapi.

Halafu kuna jambo la polepole zaidi. Mchoraji anayetazamwa kila siku anajua kinachomsimamisha mgeni mlangoni: tembo, twiga, Kilimanjaro nyuma. Anajua pia kinachompitisha. Hakuna anayemwamuru, ila kodi ikikaribia mkono unakwenda kwenye twiga. Wanaodharau tingatinga kwa kujirudia husahau kwamba anayerudia kwanza ni mnunuzi. Na kwa kuwa picha inaonekana kabla haijaisha, wazo jipya nalo linaweza kunakiliwa kabla mwenyewe hajalifaidi.

Kwa hiyo mimi naegemea utaratibu wa Mikocheni: milango ifunguliwe kwa siku zinazojulikana, na katikati msanii aachwe akosee bila watazamaji. Kazi mbaya inahitaji faragha ili iwe nzuri.

Tatizo la msimamo wangu ni kwamba una gharama, na lazima mtu ailipe. Nafasi imewahi kusaidiwa na fedha za Denmark na Norway. Ushirika wa Oysterbay unategemea picha itoke leo. Nairobi wameliona hili kwa macho. Kuona Trust, kituo cha wasanii kilichoanzishwa 1995, kilipofungwa, wasanii waliokuwa na studio pale Kilimani walijikusanya wakaendelea wenyewe kama Kuona Artists Collective. Mtu anayechangia kodi ya kiwanja mfukoni mwake hawezi kumwambia mgeni aliyesimama getini Jumatano kwamba arudi Jumamosi. Kabla ya kumlaumu kwa kuweka twiga mbele, aulizwe kwanza ni nani angelipia miezi ambayo hakuweka.