Mchoraji wa atlasi, na uso wa malkia

Alexander Roslin anasifiwa kwa namna ambayo, ningekuwa yeye, ningekasirika. Watakwambia alikuwa Mswidi aliyeishi Paris karne ya 18, akachora wafalme na mabibi wakubwa, na kwamba hakuna aliyemfikia kwa kuchora vitambaa: atlasi (yaani satini), hariri, lesi na mahameli. Kisha wananyamaza. Ukimya huo ndio tusi lenyewe: nguo aliziweza, watu walimshinda.

Maneno haya yalianza angali hai. Mwaka 1765 familia ya La Rochefoucauld ilitaka picha kubwa ya ukoo wao, na waliokuwa wakiwania kazi hiyo ni Roslin na mchoraji Mfaransa Greuze. Akapewa Roslin. Diderot, mwandishi na mhakiki wa sanaa aliyekuwa akimpigia debe Greuze kila alipopata nafasi, alipoiona picha kwenye maonyesho ya mwaka huo aliiponda vibaya: watu wamekakamaa, hawana uhai. Diderot alikuwa na kalamu kali, na watu hupenda kurudia maneno ya mwenye kalamu kali kuliko kwenda kujitazamia.

Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya fundi cherehani, kwa hiyo anayesema "nguo tu" namtazama kwa jicho la pembeni. Mahameli humeza mwanga: kifua cha mkunjo hubaki giza, pembeni ndipo panapong'aa. Atlasi ni kinyume chake, inang'aa palepale inapopinda, na ukingo wa mng'ao huo ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Roslin anavitofautisha vyote viwili kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, tena mara nyingine ndani ya picha moja, kiasi kwamba unajua kipi kingetoa sauti mwenyewe akitembea. Hilo halitokani na mkono tu. Linatoka kwa mtu anayetazama kweli, na sioni kwa nini atazame kiwiko kwa makini namna hiyo halafu afumbe macho akifika usoni.

Historia yake kwa kifupi. Alizaliwa Malmö mwaka 1718, baba yake akiwa daktari wa jeshi la majini. Uchoraji alianzia Karlskrona, mji wa manowari, kisha akaenda Stockholm kujifunza kwa Georg Engelhard Schröder, mchoraji wa mfalme. Mwaka 1745 akaondoka Uswidi kwenda Bayreuth, Ujerumani, akapita Italia, na mwaka 1752 akafika Paris. Mwaka uliofuata alikuwa tayari mwanachama wa Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, naye ni Mlutheri katika taasisi ya mfalme Mkatoliki. Uswidi alirudi kutembea, lakini makao yake yalibaki Paris hadi alipofariki mwaka 1793, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, akiwa kwenye makazi aliyopewa ndani ya jumba la Louvre.

Tukumbuke pia mteja alikuwa analipia nini. Katika Paris ile, koti lilikuwa ni cheo. Mtu aliyemwaga fedha kwa mshonaji na mdarizi hakwenda kwa mchoraji ili koti lake ligeuzwe kivuli cha kahawia. Roslin aliwapa walichotaka, na alitajirika. Watu wa sanaa huwa hawamsamehe msanii kwa kosa hilo.

Sasa twende Sankt Petersburg, maana hapo ndipo hoja ya wanaomponda inapovunjika. Kati ya 1775 na 1777 Roslin alikuwa Urusi, akamchora Katerina wa Pili amesimama na mavazi yake yote ya enzi. Malkia hakufurahi hata kidogo. Alimwandikia rafiki yake Grimm kwamba mchoraji huyu amemfanya mtu wa kawaida kabisa, kama mpishi wa Kiswidi. Baadaye mchoraji wa Kirusi, Rokotov, akatengeneza picha nyingine kutokana na ile ya Roslin: mavazi na mkao vikabaki vilevile, uso ukabadilishwa.

Kilichomuudhi malkia ni uso uliosema kweli. Mama wa karibu miaka 50, mnene kidogo, kidevu kizito, anayejua anachokitaka. Nguo zilipita bila neno. Kwa hiyo mtu anayedaiwa kujificha nyuma ya vitambaa ndiye huyo huyo aliyeponzwa na uso, tena mbele ya mwanamke ambaye hakuna aliyetaka kumuudhi.

Mtazame pia Carl Linnaeus, yule aliyetupa mfumo wa majina mawili ya Kilatini ambao kila mwanafunzi wa baiolojia huukariri. Roslin alimchora mwaka 1775. Mzee alikuwa ameshapata kiharusi mwaka uliotangulia. Hapa hakuna atlasi ya kujisifia: koti la kawaida, nishani, na kiua kidogo kilichoitwa kwa jina lake. Kilichobaki ni macho na tabasamu la mzee mjanja.

Siwezi kusema kila alichochora ni dhahabu. Zipo picha zake za mabibi wa Paris ambazo ukizipanga tatu pamoja huwezi kujua nani ni nani: mashavu yaleyale ya waridi, midomo ileile iliyobanwa kidogo. Hapo Diderot simbishii.

Lakini alipomchora mkewe alikuwa mtu mwingine. Marie-Suzanne Giroust naye alikuwa mchoraji, mtaalamu wa pasteli, yaani chaki za rangi, aliyesoma kwa mchoraji La Tour. Kwao walimkataa Roslin kwa sababu ya dini yake, wakangoja miaka, hadi wakaoana mwaka 1759. Mwaka 1768 alimchora akiwa amevaa kama wanawake wa Bologna: shela jeusi la hariri limefunika nusu ya uso, pepeo la kujipepea mkononi, na tabasamu la mtu anayekuchokoza kwa makusudi. Picha iko kwenye makumbusho ya Nationalmuseum, Stockholm, na wengi humjua Roslin kwa hiyo tu.

Mimi naipenda zaidi ile ya 1767, ambayo inatajwa mara chache. Mke ameketi anamchora rafiki yao Peill kwa pasteli. Mume amejichora humo humo, lakini kazi anaifanya mke. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1770, Akademia ilimpokea Giroust kwa haki yake mwenyewe, kwa picha ya mchongaji Pigalle akiwa na mavazi ya Nishani ya Mtakatifu Mikaeli. Mwaka 1772 saratani ya matiti ikamuua akiwa na miaka 38, akaacha watoto wadogo.

Picha ya Pigalle iko Louvre. Ni ya chaki za rangi juu ya karatasi, haina mafuta wala vanishi ya kuipa mng'ao, na bado nguo zake zinang'aa. Wanaoamini kwamba katika nyumba ile mtu wa vitambaa alikuwa mume peke yake wangeanza kwa kuitazama hiyo.