Muulizeni mama rangi ya choo cha mtoto

Mtoto mchanga akionekana na manjano, ushauri wa kwanza anaopewa mama ni jua. Muanike asubuhi, mnyonyeshe sana, yataisha. Na kwa watoto walio wengi yanaisha kweli, ndiyo maana ushauri huu umedumu kizazi hadi kizazi. Ugomvi wangu ni juu ya wale wachache ambao manjano yao yanatokana na mirija ya nyongo iliyoziba. Kwa hao jua halisaidii kitu, na kila wiki wanayoanikwa ni wiki inayowapotea.

Ini linatengeneza nyongo usiku na mchana. Seli zake huimwaga kwenye vinjia vyembamba mno, visivyo hata na ukuta wa peke yake. Ni upenyo tu ulioachwa kati ya seli na seli. Kutoka hapo inaingia kwenye mirija midogo inayoandamana na mishipa ya damu ndani ya ini, na mirija hiyo inazidi kuungana hadi inabaki miwili, wa kulia na wa kushoto. Hiyo miwili inakutana kwenye mlango wa ini, na mmoja unashuka hadi utumbo mdogo. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Isipofika utumboni, choo kinapauka. Na kwa kuwa haina pa kutokea, inarudi kwenye damu, inaingia machoni na kwenye mkojo.

Ugonjwa ninaousema ni atresia ya mirija ya nyongo. Mirija ya nje ya ini inaota makovu na kuziba mtoto akiwa bado mchanga kabisa, kisha makovu yanapanda hadi kwenye mirija ya ndani. Ulaya na Marekani ya Kaskazini unampata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Taiwan ni wengi zaidi. Asipotibiwa, ini lote hugeuka kovu, na wengi hawafikishi miaka 3.

Kinachoniudhi ni kwamba dalili iko kwenye nepi. Mkojo wa mtoto anayenyonya unatakiwa uwe karibu na maji; wa mtoto huyu ni wa njano iliyokolea, unaacha doa kwenye kitambaa cheupe. (Pampasi zinaficha mambo hapa. Bibi zetu waliokuwa wakifua nepi kila siku wangeliona doa hilo mapema.) Choo kinaanza kufifia, kinafika rangi ya maziwa mgando, mwisho chokaa. Kitazame mchana, kwenye mwanga wa jua, maana balbu na kibatari vinadanganya rangi. Mtoto anayenyonya mwenye manjano ya kawaida choo chake kinabaki cha njano nzuri, hata manjano yenyewe yakichelewa kuondoka.

Na mtoto huyu haonekani mgonjwa. Wiki za mwanzo ananyonya, anaongezeka uzito, anacheka. Anawekwa kwenye mzani, nesi anachora nukta kwenye kadi, nukta imepanda, aitwe mwingine. Wengine ishara yao ya kwanza ni kutoka damu kitovuni, au damu kuvuja kwenye ubongo, kwa sababu bila nyongo utumbo haufyonzi ipasavyo vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda.

Tiba ipo tangu miaka ya 1950. Daktari Morio Kasai wa Sendai, Japani, aliikata ile mirija iliyokufa nje ya ini na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja kwenye mlango wa ini, mahali ambapo vimirija vidogo bado viko wazi. Nyongo ikapata njia. Upasuaji huo una jina lake hadi leo, na unafaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60, kwa sababu vimirija vyenyewe havisubiri. Si dawa ya kumaliza kila kitu: wengi baadaye huhitaji kupandikizwa ini, jambo ambalo kwa familia nyingi za huku kwetu ni safari ya India na michango ya ukoo mzima. Lakini mtoto wa miaka 8 anapandikizwa kwa urahisi kuliko wa miezi 8.

Sasa piga hesabu na ratiba yetu ya chanjo. Wiki ya 6 karibu kila mama anamleta mtoto kliniki. Hiyo ni siku ya 42. Zimebaki siku 18. Akirudi wiki ya 10, ana siku 70. Nafasi ni hiyo moja, na kwenye kliniki nilizokaa foleni sijasikia nesi akiuliza rangi ya choo. Wanauliza kama anakipata. Rangi, hapana.

Taiwan mwaka 2004 walitia picha za rangi za choo kwenye kijitabu cha afya cha kila mtoto nchini, mama alinganishe mwenyewe nyumbani, na watoto waliofika kwa upasuaji kabla ya siku 60 wakaongezeka. Ukurasa mmoja! Vijitabu vyetu vya kliniki vinachapwa upya kila mara, na nafasi haikosekani.

Najua jibu nitakalopewa: mabingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache, tutawagundua tuwapeleke wapi? Wachache hao wapo kwenye hospitali kubwa za rufaa, na wanapokea watoto wa miezi 4 ambao ini limeshakuwa gumu. Kumleta mapema hakuhitaji bingwa mpya hata mmoja.

Kwa hiyo, mama, manjano yakipita siku 14, omba kipimo cha bilirubini, yaani ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, kinachotenganisha ile ya jumla na ile iliyokwisha kuchakatwa na ini. Hiyo ya pili ikiwa juu, njia ya nyongo ichunguzwe. Choo kikipauka usisubiri hata hizo siku 14. Ukiambiwa endelea kumwanika, toa nepi uwaonyeshe.