Bango la "Ajali Sifuri" getini

Nimesoma habari ya wakurugenzi wa viwanda kuhimizwa kuwatangazia wafanyakazi malengo ya usalama. Mbona kutangaza wanatangaza sana! Hapa Mwanza, kiwanda cha minofu ya sangara nilichofanyia kazi kilikuwa na bango la "Ajali Sifuri" getini, kubwa kuliko jina la kiwanda. Ndani sakafu inateleza kwa mafuta ya samaki, gambuti zimekwisha soli, na bosi akishuka kwenye meza za kukatia swali lake ni moja tu: leo tani ngapi? Sasa kibarua anayelipwa kwa kilo ashike lengo lipi?

Anayejikata anajifunga kitambaa na kunyamaza, maana akiandikwa kwenye daftari la ajali kesho hapangiwi zamu. Mwisho wa mwezi tunasomewa "hakuna ajali" na kupigiana makofi.

Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya alumini kule Marekani, mwaka 1987, aliwaanzia wawekezaji na usalama wa wafanyakazi, si faida. Akataka kila anayeumia aripotiwe kwake ndani ya saa 24, pamoja na mpango wa kuzuia ajali hiyo isijirudie. Meneja gani atalala hapo?

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawatambua wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Wakurugenzi wakae nao, meneja uzalishaji akiwa nje, wawaulize amonia, ile gesi ya sumu ya kupozea, ikivuja leo kwenye vyumba vya baridi watu watatokea mlango upi, na ufunguo anao nani.