Hali ni shwari, ila kwa nani?

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi, nimebanana na watu kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Mtendaji alisoma taarifa ya robo mwaka. Usafi, michango ya madawati, kisha akafika kwenye usalama: "Hali ya ulinzi na usalama katika mtaa wetu ni shwari." Sentensi hiyo naisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Watendaji wamebadilika, yenyewe haijabadilika hata nukta.

Nikamkumbuka Dokta. Simtaji jina kwa sababu mwenyewe hapendi. Ni mtafiti ambaye kazi yake yote ameifanya kwenye jinsia, usalama na sera, na hujiita mfeministi bila kushusha sauti. Huku kwetu ukilitamka neno hilo, kuna mjomba atakayeuliza kama umekuja kuvunja ndoa za watu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mdadisi wake katika utafiti wa ukatili wa majumbani. Wadadisi ndio wale vijana wenye vishikwambi na vitambulisho shingoni, wanaobisha hodi saa nne asubuhi wakati maharage yako yako jikoni.

Siku ya kwanza ya mafunzo hatukuligusa dodoso kabisa. Tulijifunza kukaa, kusubiri, na kusikia mlango. Nyumba moja, mwanamke mmoja tu, asije mwingine akajua mwenzake aliulizwa nini. Jirani akiuliza, huu ni utafiti wa afya ya akina mama. Hakuyabuni yeye. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuweka taratibu hizo kwa tafiti za ukatili, maana swali likiulizwa vibaya anayelipia ni aliyejibu, jioni, mdadisi akiwa ameshapanda daladala. Na kila mmoja wetu alipewa dodoso la pili, fupi, la lishe. Hilo tulidhani ni mzaha.

Njoro, hapahapa Moshi, nikaelewa. Mama alikuwa anapepeta mchele, na tulikuwa tumefika kwenye maswali ya kupigwa. Mume akaingia. Nikafungua lile fupi: "Na kwa wiki, mama, mboga za majani mnakula mara ngapi?" Akajibu bila kuinua macho: "Mara tatu, mwanangu. Mchicha, na mnafu ukipatikana." Baba akavuta kigoda, akatuchangia kuhusu bei ya nyama, akalalamika juu ya samaki wa siku hizi. Tulizungumza mboga karibu dakika ishirini. Alipotoka, mama akatoa punje mbili za mawe kwenye ungo, akazitupa, akasema, "Haya, tulikuwa tumefika wapi?"

Ninachotaka kusema ndicho hiki: yule mama alikuwa anafanya kazi ya usalama, na Dokta pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, na 4 kati ya 10 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Kama wangekuwa wafugaji 4 kati ya 10 wameibiwa ng'ombe, kamati ya ulinzi na usalama ingelala barabarani. Kwa kuwa ni wake za watu, suala linapelekwa ustawi wa jamii, na taarifa inabaki shwari.

Wanaodhani haya ni mambo ya semina waende Arusha, mwendo wa kilomita themanini tu. Pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ilianza bila shtaka lolote la ubakaji. Januari 1997 shahidi mmoja, aliyefichwa kwa herufi J, akaeleza kizimbani kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji hawakumpita. Katika jopo lile la watu watatu alikuwemo Navanethem Pillay, mwanamke pekee. Wakauliza zaidi, mashahidi wengine wakasema, na Juni mwaka huohuo hati ya mashtaka ikarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wachunguzi walikuwa wamepita kwenye vijiji vya Taba na hati ya kwanza ikatoka bila neno hilo.

Mjini humohumo, Julai 2000, wanawake wa Burundi walikutana na kupeleka mapendekezo yao kwenye mazungumzo ya amani. Mengi yaliingia kwenye mkataba wa Agosti. Asilimia 30 ya nafasi za uongozi walizoomba kwa wanawake zikakataliwa, zikaja kuingia kwenye katiba yao ya 2005. Katikati hapo, Oktoba 2000, Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Kwa hiyo si mada ngeni huku kwetu, na kwa upande mmoja ilianzia kwetu.

Lakini muulize Dokta anaishije. Mfadhili anakuja na hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi, ambazo jibu limeshaandikwa ndani, kilichobaki ni yeye kulitafutia takwimu. Zikifika zile Siku 16 za kupinga ukatili, simu yake hailali: redio, kongamano, fulana ya zambarau. Siku 349 zilizobaki hakuna anayemkumbuka, na kwenye kikao cha usalama sijasikia akialikwa hata kuandika muhtasari.

Nami nina lawama naye. Anaandika ripoti za kurasa themanini kwa Kiingereza, zinakaa kwenye kabati la mtu. Mama wa Njoro hajawahi kusomewa alichokisema. Nilimwambia hivyo mara moja; akanuna siku mbili, kisha akaniomba nimtafsirie kurasa nne. Malipo yake nayasubiri mpaka leo.

Turudi mkutanoni. Mtendaji alipomaliza akauliza kama kuna swali. Mama mmoja muuza ndizi pale Mbuyuni akasimama, akashikilia kanga yake kiunoni. Akasema wao hutoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi mzigo, njia ya kando ya mfereji haina taa, na wiki mbili zilizopita msichana alivutwa pale akapiga kelele mpaka bodaboda wakaja. "Sasa mheshimiwa, hiyo shwari ni ya saa ngapi?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mtendaji akageuza karatasi zake, mbele, nyuma, mbele tena. Kwenye kipengele cha usalama fomu ina nafasi ya wizi, ugomvi, wageni wasiojulikana na pombe haramu. Akabofya kalamu.

"Mama, nakuandikia hapa kwenye mengineyo."