Wamege kiwanja, lakini njia itoke kwenye ardhi yao

Kiwanja cha jirani yangu kina mita 40 kwa 40. Mzee alikipata enzi za mradi wa viwanja 20,000, ule ulioanza 2002 ukatuletea mitaa iliyopimwa Kibada, Gezaulole, Buyuni, Mbweni Mpiji na kwingineko. Sasa mzee hayupo, Mungu amrehemu, na watoto wake wanne wameomba kukimega. Hesabu yao haina ugumu: 40 kwa 40 inatoa 20 kwa 20 nne. Na Dar es Salaam nzima inajua 20 kwa 20 ni kiwanja cha nyumba moja. Dalali akishaitaja haongezi neno.

Lakini vipande vinne vya 20 kwa 20 vinaimaliza ardhi yote. Wawili watakaa mbele, milango yao ikitazama barabara. Hawa wawili wa nyuma watatokea wapi? Mchoro niliooneshwa pale serikali ya mtaa umewakatia njia ya mita 2 katikati. Bajaji itapita. Gari la zimamoto halitapita, wala gari la kunyonya maji taka, na karo likijaa itabidi mpira uburutwe katikati ya nyumba za watu. Siku ya msiba waliobeba jeneza watapita wakijibana ukutani.

Tulipoitwa kwenye kikao, mtaa uligawanyika. Wapo waliosema kiwanja ni chao, wafanye watakavyo. Wapo waliotaka maombi yakataliwe moja kwa moja, eti mtaa wetu "utageuka uswahilini". Mimi sikubaliani na upande wowote, na neno hilo la pili liliniuma zaidi. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 mkoa huu umetoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wanalala mahali. Tukikataa kila kiwanja kikubwa kisimegwe, watoto wetu wenyewe ndio watakaokwenda kujenga mabondeni, na Desemba 2011 tuliona mabonde yanavyolipa: watu walikufa, na walionusurika wakahamishiwa Mabwepande.

Kijana mkubwa wa marehemu mzee alinifuata baada ya kikao. "Shikamoo mama. Mama, nimepanga miaka kumi na moja. Nikipata hata kipande cha nyuma nitajenga vyumba viwili, nihamishe wanangu." Nilimwitikia marahaba, nikakosa cha kuongeza. Kijana huyu nimemwona akikua. Siwezi kumwambia arudi kupanga ili mimi nibaki na kivuli cha miembe ya baba yake.

Hata hivyo hoja ya "ni chao, wafanye watakavyo" haisimami. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati tulizofungia kabatini zina muda na masharti ya matumizi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeikabidhi halmashauri kazi ya kupanga, na maombi kama haya ni ya kupimwa na afisa mipango miji na kamati ya madiwani kabla mpima hajachimbia bikoni mpya za mipaka. Kikiishamegwa na hati nne zikatoka, kuurudisha mchoro nyuma ni kesi ya miaka. Ndiyo maana ukaguzi wa sasa ni muhimu kuliko malalamiko ya baadaye.

Na ukaguzi huo, nasema kwa uchungu, usifanyike kwenye karatasi peke yake. Karatasi inaonesha mita za mraba, haioneshi mteremko. Masika maji yote ya upande wa juu wa mtaa huingia kwenye bustani ya mzee, yakazama taratibu kwenye mchanga chini ya miembe. Mapaa manne na uwanja wa pevingi yatayasukuma maji hayo kwangu, kisha kwa mama anayeuza vitafunwa kule chini, ambaye tayari huinua magodoro kila mvua kubwa. Halafu kuna visima. Sisi hapa tunategemea makaro, bomba la majitaka halijatufikia, na kisima changu kiko hatua chache kutoka ukuta wa nyuma. Karo moja limekuwa mbali nami miaka yote. Sasa yatakuwa manne, mawili yakiwa mgongoni mwangu. Nani amepima umbali huo? Nimeuliza mara mbili, sijajibiwa.

Mimi nimewapelekea pendekezo. Njia iwe mita 6, itoke kwenye ardhi yao wenyewe, ikatishe nusu ya mbele hadi iguse vipande vya nyuma. Hapo walio mbele wanabaki na 17 kwa 20 kila mmoja, wa nyuma wanabaki na 20 kwa 20 zao, na kwa kuwa wa mbele wamepungukiwa, wa nyuma wawafidie kwa pesa. Hilo ni la kifamilia. Makaro ya nyuma yasogezwe upande wa njia, gari liyafikie, na kisima changu kipumue. Mtaro wa maji ya mvua uchorwe sasa, kwenye mchoro huohuo, usiachwe kuwa ahadi.

Au, na hili ndilo ningelichagua kama ningekuwa mmoja wao, wasimege kabisa. Ipo sheria ya 2008 inayoruhusu watu kumiliki sehemu za jengo moja, kila mmoja na hati yake. Ghorofa moja la familia nne, karo moja kubwa mbele, miembe ibaki nyuma. Dada yao mdogo alipolisikia alitikisa kichwa: ghorofa linataka pesa za pamoja, na ndugu hawa kila mmoja anajenga anapopata. Namwelewa.

Maombi yanarudi kikaoni wiki ijayo. Nimeandika barua kuomba afisa aje uwanjani kwanza, na nakala nimempa mwenyekiti wa mtaa. Jumamosi asubuhi nitavuta kamba kuanzia kisimani hadi pale mchoro ulipoweka karo la kwanza. Kijana ameahidi kunishikia upande wa pili.