Uchawi wa Hadithini na Uchawi Tunaouogopa

Mwaka 2002, huko Cedarville katika jimbo la Arkansas, Marekani, bodi ya shule ilipitisha kwamba mwanafunzi akitaka kuazima maktabani kitabu cha Harry Potter, hadithi za mtoto anayesomea uchawi, sharti alete kibali cha mzazi kilichotiwa saini. Kamati ya watu 15 iliyopewa kazi ya kuchunguza malalamiko dhidi ya vitabu hivyo ilikuwa imesema kwa kauli moja kwamba pasiwe na kizuizi. Bodi ikapiga kura yake, watatu kwa wawili, ikaamua vinginevyo. Wazazi wa mwanafunzi mmoja wakaenda mahakamani. Kinachonivutia katika kesi hiyo ni kwamba binti yao hakunyimwa kitabu. Walimruhusu kusoma, na baadhi ya vitabu hivyo alikuwa navyo nyumbani. Walichokipinga ni ile karatasi. Kitabu kinachotolewa kwa kibali huku wenzako wanakutazama kimeshatiwa doa, na wewe unayekisoma umetiwa doa pamoja nacho.

Kelele hazikuwa za Arkansas peke yake. Vitabu hivyo saba vilitoka kati ya mwaka 1997 na 2007, vikauzwa zaidi ya nakala milioni 500, na katika muongo wa 2000 hadi 2009 ndivyo vilivyoongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Desemba 2001 kanisa moja la Alamogordo, New Mexico, lilivichoma moto hadharani. Mwaka 2019 mapadri nchini Poland wakafanya vivyo hivyo, wakaweka picha mtandaoni, na baadaye wakaomba radhi.

Ni rahisi kuwacheka watu hao, na wapenda vitabu, nami nikiwa mmojawao, tumewacheka sana. Lakini hoja yao, kwamba vitabu hivi vinawazoeza watoto uchawi, ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri, hasa ukiitazama kwa Kiswahili.

Kiingereza kina neno moja la maajabu ya hadithini na jukwaani, na neno jingine la uovu wa kuroga. Sisi maneno tunayo mengi: mazingaombwe, kiini macho, sihiri, uganga, ulozi. Ila mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili kitabu cha aina hii kinahusu nini, mara tisa kati ya kumi ataishia kwenye neno "uchawi". Na uchawi kwetu hauna nyota zinazometameta. Mchawi ni mtu anayedhaniwa kuua, kufunga kizazi, kukausha shamba. Mwambie bibi asiyejua habari za vitabu hivi kwamba mjukuu wake anasoma hadithi ya mtoto aliyepelekwa shule ya bweni kusomea uchawi, uone kama hatauliza ni nani aliyemlipia karo. Neno hilo limeua watu, na linaendelea kuua. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu madhara ya kuwatuhumu watu uchawi, na miongoni mwa wanaotuhumiwa wamo watoto. Kwa mtoto anayekulia penye tuhuma za namna hiyo, mchawi wa kitabuni si kiumbe wa mbali kama joka linalotema moto. Anaweza kuwa na sura ya mtu wa nyumba ya pili.

Juu ya hilo kuna dini. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inataja mtu atazamaye bao, msihiri, alogaye kwa kupiga mafundo, awaombaye wafu, na kusema wote hao ni chukizo. Katika Uislamu sihiri imetajwa katika hadithi ya Mtume miongoni mwa mambo saba yenye kuangamiza, ya pili baada ya shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Mwenye imani hizo hahofii kwamba mtoto atapanda fagio aruke dirishani. Anahofia mazoea. Jambo ambalo nyumbani linatajwa kwa kunong'ona, kitabuni limevishwa kanzu nzuri, limepewa marafiki na utani, na kurasa mia nne baadaye halitishi tena. Kardinali Ratzinger, kabla hajawa Papa, aliandika hivyo katika barua ya mwaka 2003: ushawishi wa vitabu hivyo ni wa chini kwa chini, na mtoto haushtukii. Januari 2008 gazeti la Vatican, L'Osservatore Romano, lilichapisha makala mbili kwa pamoja, moja ikivikosoa vitabu hivyo, nyingine ikivitetea. Nyumba moja, kauli mbili.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo hoja ya dini inateleza. Wachomaji wa vitabu hupenda kutaja Matendo ya Mitume 19:19, pale watu wa Efeso walipokusanya vitabu vyao vya uganga na kuvichoma mbele ya watu wote, thamani yake ikahesabiwa kuwa fedha 50,000. Soma vizuri ni akina nani waliovichoma: ni wale wale waliokuwa wakiutumia uganga huo. Kile kilikuwa kitabu cha kufanyia kazi, chenye maneno ya kunuia na maelekezo ya kufuata. Hadithi haina kazi hiyo. Kitabu cha uchawi na kitabu chenye mchawi ndani yake ni vitu viwili, kama ilivyo kwamba riwaya yenye mwizi si mafunzo ya wizi. Maneno ya kichawi katika hadithi nyingi za fantasia ni Kilatini cha kuungaunga. Mtoto anayeyatamka mbele ya kioo anapata sauti yake mwenyewe tu. Na orodha ya Kumbukumbu la Torati ni ya matendo: kupiga bao, kupiga mafundo. Kusimulia haimo.

Mpinzani makini atanijibu: wewe unajua tofauti hiyo, je, mtoto anaijua?

Swali hilo lina majibu ya kitafiti, na hayakunjiki kirahisi kuelekea upande wowote. Mwaka 1991 Paul Harris na wenzake nchini Uingereza waliwaonyesha watoto wa miaka minne na sita sanduku tupu, wakawaambia wawaze kwamba ndani yake kuna kiumbe, kwa wengine mpole, kwa wengine wa kutisha. Watoto walijua ni mchezo na walisema hivyo. Kisha mtafiti akaaga kwamba anatoka kidogo. Baadhi ya wale wadogo wakaogopa, wasikubali aende. Wengi wa waliobaki peke yao wakalisogelea sanduku na kulichungulia. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaweza kukwambia bila kusita kwamba zimwi halipo, na bado akataka taa iwashwe. Kujua na kutulia haviji siku moja.

Utafiti wa pili, wa Kathleen Corriveau, Eva Chen na Harris huyo huyo, wa mwaka 2014, uliwasomea watoto wa miaka mitano na sita hadithi fupi za aina tatu: za kawaida, za miujiza ya kidini, na za maajabu ya kichawi, kisha ukawauliza kama mhusika ni mtu wa kweli au wa kubuniwa. Watoto waliolelewa nje ya dini walisema kwa urahisi zaidi kwamba mtu wa maajabu ni wa kubuniwa. Waliolelewa katika dini walisitasita zaidi. Matokeo hayo yaliposambaa, wengine waliyageuza fimbo ya kuwapigia waumini. Mimi naona watoto wale walikuwa na mantiki yao. Aliyefundishwa kwamba bahari iligawanyika mbele ya Musa hana sababu ya kukataa papo hapo kwamba jani linaweza kumfanya mtu asionekane. Anachohitaji ni mkubwa wa kumweleza kwamba lile la kwanza tunaliamini na hili la pili tunalicheza. Na kama hayo ni kweli, basi mzazi mwenye dini ana kazi kubwa kuliko jirani yake asiye na dini, na ana sababu nzuri ya kuchelewesha baadhi ya vitabu mwaka mmoja au miwili. Hilo nalikubali bila shingo upande.

Kuhusu hofu ya usiku sina mengi. Umri ndio unaoamua. Ndugu Grimm walipotoa hadithi zao Ujerumani mwaka 1812 walilaumiwa kwamba hazifai watoto, na katika matoleo yaliyofuata Wilhelm Grimm alizisafisha: mimba ya msichana wa mnarani ikafichwa, akina mama wakatili wakageuzwa mama wa kambo. Yule mchawi anayesukumwa ndani ya tanuri akiwa hai aliachwa aendelee kuungua. Kila kizazi cha wazazi kina kinachokikosesha usingizi, na mara nyingi si kile kinachomkosesha mtoto usingizi.

Upande wa wanaotetea una hoja moja kuukuu ambayo bado sijaona ikijibiwa. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton aliieleza mwaka 1909: hofu ya zimwi mtoto huzaliwa nayo, hadithi haimletei, inachomletea ni habari kwamba zimwi linaweza kuuawa. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami huwa naugeuza msemo huo: zimwi ulijualo, ulilokutana nalo kwanza ukiwa umekaa mapajani mwa mama, halikumalizi. Zaidi ya hapo kuna utafiti wa Loris Vezzali na wenzake wa Italia, wa mwaka 2014, ambao watoto wa darasa la tano walisoma kwa wiki sita sehemu za Harry Potter zinazogusa ubaguzi na kuzijadili. Wale waliojiona katika mhusika mkuu wakawa na mtazamo mwema zaidi kwa wahamiaji. Walikuwa watoto wachache, nisiutwike utafiti huo mzigo usioubeba. Lakini unaonyesha kwamba mtoto anaweza kutoka kwenye kitabu cha uchawi na kitu kisichohusu uchawi hata kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo pande zote mbili hulipita mbio. Ubishi wetu umekuwa ni kama uchawi umo kitabuni au haumo. Swali langu ni uchawi huo unagharimu nini, na ni nani anayeupata.

Chukua C. S. Lewis, mwandishi Mkristo ambaye vitabu vyake vya watoto vya Narnia, navyo vyenye uchawi, hupendekezwa hata na baadhi ya wanaomkataa Harry Potter. Katika kimoja, cha mwaka 1952, msichana Lucy anafungua kitabu cha mganga na kusoma maneno ya kumwezesha kujua rafiki zake wanamsema nini. Anamsikia rafiki yake akimkana mbele ya mwingine. Baadaye anaambiwa kwamba rafiki yule alikuwa dhaifu tu na bado anampenda, na Lucy anajua kwamba hataweza kuyasahau aliyoyasikia. Huo ni uchawi wenye bei. Hata katika Harry Potter, fimbo hairudishi waliokufa. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza siku moja, kwa hasira kabisa, kwa nini Harry asiroge tu wazazi wake waliokufa wakarudi. Tulizungumza karibu saa nzima. Kitabu kisicho na mipaka ya namna hiyo kisingezaa swali hilo.

Vitabu visivyo na mipaka vipo, na ndivyo ninavyovitilia shaka, ingawa vina jalada la rangi ya pipi na havijawahi kulalamikiwa na mtu. Mtoto hajafanya kazi ya nyumbani, anapunga kifimbo, imefanyika. Amegombana na dada yake, anapunga, wamepatana. Hakuna pepo humo, hakuna damu, na hakuna kilichojifunzwa isipokuwa kwamba kutaka kunatosha.

Shaka yangu ya pili inavihusu hata vile vizuri. Hadithi nyingi za fantasia zinawagawa watu: waliozaliwa na nguvu, na sisi wengine. Mteule ana alama mwilini, ana damu ya ukoo fulani, alitabiriwa kabla hajazaliwa. Waandishi wengi hupambana na wazo hilo ndani ya kitabu hicho hicho, lakini kiti cha mbele anakalia mteule. Ningekuwa mchomaji wa vitabu, na Mungu aniepushe, ningeanzia hapo kabla ya popo na masufuria. Mtoto anayejifunza kwamba ubora ni wa kuzaliwa nao anapata fundisho baya kuliko maneno ya Kilatini cha kuungaunga.

Kwa vitendo, basi, mtoto wa chini ya miaka saba nisingempa riwaya ndefu ya uchawi aisome peke yake. Ningemsomea, na ningefunga kitabu nikiona macho yamekuwa makubwa. Kuanzia miaka tisa au kumi ningemwachia, nikiwa nimekisoma kwanza. Wazazi wengi wanaokataza hawajasoma, na wengi wanaoruhusu nao hawajasoma. Nyumba yenye dini inayosema "hapana, si sasa" siidharau, mradi mtoto aambiwe sababu. Akinyimwa bila neno atakisoma kwa rafiki yake, na swali likimjia hatakuwa na wa kumuuliza.

Haki hiyo ya kusema hapana, hata hivyo, ni ya mzazi juu ya mwanawe. Bodi ya Cedarville iliichukua ikaitandaza juu ya watoto wa watu wote, na hapo ndipo iliposhindwa. Aprili 2003 mahakama ya shirikisho ilitoa hukumu. Haikumwambia mzazi yeyote amsomeshe mtoto wake Harry Potter. Iliamuru vitabu virudi rafuni, na kibali kiondolewe.