Gari Likikwama, Sepetu Itangulie Kamba

Wengi wanaoumia wakati wa kulikwamua gari, kwa maoni yangu, hawaumizwi na tope wala mchanga, bali na haraka ya kufunga kamba kabla mtu yeyote hajainama kutazama kilichoko chini ya gari. Dereva akiona limegoma hukanyaga mafuta, tairi zikazunguka bure na kuchimba, mpaka tumbo la gari likalala juu ya tope. Kazi iliyokuwa ya dakika kumi imekwisha kuwa ya nusu siku.

Afadhali sepetu itangulie. Udongo ulio mbele ya kila tairi uondolewe na ukingo wa shimo ulazwe uwe mteremko, kisha ufukuliwe ule uliokumbatia ekseli, maana huo ndio unaolishikilia gari. Kwenye mchanga, punguza upepo hadi psi 18 hivi ili tairi ikanyage eneo refu zaidi, ukikumbuka kwamba tairi laini haivumilii mwendo wa kasi wala kona kali mpaka ijazwe tena. Mara nyingi gari hutoka kwa hayo tu.

Likikataa, ndipo tuzungumzie kamba, na hapa sina mzaha. Kamba ya nailoni inayonyumbuka imetengenezwa ili gari linalovuta lianze kwa mwendo mdogo na mvuto uongezeke polepole. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo ukishtuliwa ghafla, nguvu yote huishia kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, nishati ya mshtuko huwa mara nne. Niliwahi kushuhudia mnyororo ukikatika namna hiyo: kulabu ilipenya kioo cha nyuma cha gari lililokuwa likivuta, ikakita kwenye kiti ambacho abiria wake alikuwa ameshuka kutafuta kiatu kilichozama topeni. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kwa sababu hiyo siwaelewi madereva wanaofunga kamba kwenye ile tufe ya chuma ya kukokotea tela. Tufe hiyo haikuundwa kustahimili mshtuko, na ikivunjika huruka kama risasi. Imekwisha kuua watu. Funga kwenye sehemu iliyokazwa kwenye chasisi kwa ajili ya kuvutia, si kwenye bampa, na utandike blanketi zito au koti lililolowa katikati ya kamba, ingawa hilo hupunguza tu hatari. Watazamaji, ambao hawakosekani hata porini, wasogezwe pembeni mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na asiruke mtu yeyote kamba iliyokazwa. Mmoja tu atoe ishara kwa mikono. Watatu wakipiga kelele kwa pamoja, dereva atamtii aliyekosea.